Fundi kaongeza RAM, Wi-Fi ndiyo kwanza ikazidi kuzorota

Kaka Fundi, asalaam aleikum.

Nakuandikia kwa sababu kila mtu hapa nyumbani keshakuwa fundi, na kila mmoja ana dawa yake. Nataka nisikie kauli ya mtu ambaye hana kitu cha kuniuzia.

Ninakaa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba ya wakwe zangu. Ni nyumba ya kizamani ya ghorofa, kuta zake za mawe na chokaa, nene hivyo kwamba dirishani mtu anaweza kukaa na miguu akaikunja. Kazi yangu ni kuweka hesabu za nyumba za wageni: mapato, mishahara, kodi, na kuwajibu wanaotaka vyumba. Nafanyia juu, chumba cha nyuma, maana chini hapakaliki kwa watoto na wageni wa mama mkwe. Ruta iko chini sebuleni, karibu na mlango wa nje, nyuma ya televisheni. Watu wa mtandao waliingizia waya hapo, nasi tukaiacha hapo hapo.

Kompyuta yangu mpakato ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba. Niliinunua ikiwa na RAM, ile kumbukumbu ya kazi, ya GB 4, na ilikuwa nzito. Nikifungua Excel na kivinjari pamoja, nilikuwa naweza kwenda kutia chai nikarudi ndiyo kwanza inazunguka. Fundi mmoja wa mtaani akanambia dawa yake RAM, tena akaapa kwamba na mtandao utakwenda mbio. Akaifungua, akatia GB 4 nyengine, zikawa 8. Kweli imekuwa nyepesi kidogo, lakini Wi-Fi ndiyo imekufa! Zamani pale mezani kwangu nilikuwa napata vistari viwili vitatu. Sasa ni kimoja au hakuna, na kila nikianza kupakia faili inakatika. Simu yangu hapo hapo mezani inashika. Si vizuri sana, lakini nikipiga WhatsApp ya video naonana na dada yangu aliyeko Muscat.

Nilipomrudia fundi akasema GB 8 hazitoshi, niweke 16. Shemeji anasema ninunue repita, kile kifaa cha kudaka Wi-Fi na kuirusha tena mbele, na anayo moja ya rafiki yake inayouzwa. Mume wangu anasema kompyuta imezeeka, tuvumilie mpaka tupate ya kununua mpya. Fedha niliyonayo inatosha kitu kimoja. Ninunue kipi, RAM au repita?

Dada wa Juu, Mkunazini

*

Waaleikum salaam, dada yangu.

Usinunue chochote kwanza. Barua yako ina mambo mawili uliyoyasema kwa kupita tu, na hayo ndiyo yaliyonifanya niirudie kuisoma: kwamba simu inashika hapo hapo mezani, na kwamba Wi-Fi ya kompyuta imeharibika tangu fundi alipoifungua. Ukuta ni ule ule kwa simu na kwa kompyuta, na ruta ni ile ile. Tena kwa kawaida kompyuta mpakato ndiyo inayopaswa kushika vizuri zaidi, kwa sababu antena zake hutandazwa kwenye fremu ya kioo, palipo na nafasi, wakati za simu zimebanwa pembezoni mwa kifaa cha kushikwa mkononi. Ikiwa simu inaishinda kompyuta, basi tatizo la kwanza limo ndani ya kompyuta.

Ninachokishuku ni waya wa antena. Kwenye 840 G3, RAM na kadi ya Wi-Fi ziko chini ya mfuniko mmoja. Kadi yenyewe ni kibao kidogo, na juu yake zimebanwa nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida mmoja mweusi na mwingine mweupe, zinazopita kwenye bawaba kwenda kwenye kioo. Kila waya una kichwa cha duara cha madini, kidogo kuliko punje ya mtama. Vichwa hivyo havikutengenezwa kwa kufunguliwa na kufungwa kila mara. Mkono wa fundi ukigusa waya wakati anapachika RAM, kichwa kinaweza kuachia bila yeye kuhisi kitu.

Na kikiachia, kompyuta haikosi mtandao moja kwa moja. Inaendelea kusikia kwa antena iliyobaki, au hata bila antena, almuradi uko karibu na ruta. Ukipanda ngazi ndipo inapokufa. Fundi wako bila shaka aliijaribu pale dukani, ruta iko pembeni yake, akaona mtandao upo, akakurudishia kwa moyo safi. Kwa hiyo usimwendee kwa shari.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika chache na haina gharama. Chukua kompyuta, shuka nayo sebuleni, kaa hatua mbili tatu kutoka kwenye ruta bila kitu katikati. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, na kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika hivi:

netsh wlan show interfaces

Tafuta mstari wa Signal. Windows huandika asilimia 100 pale mawimbi yanapofika na nguvu ya -50 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) au zaidi, na asilimia 50 yakiwa -75. Karibu na ruta kiasi hicho, kompyuta nzima inatakiwa isome zaidi ya 90. Ukikuta 60 au 70 ilhali ruta unaiona kwa macho, jawabu umelipata: waya umeachia. Kisha panda juu, kaa kwenye meza yako, rudia amri ile ile, na namba utakayoiona iandike pahali. Tutaihitaji baadaye.

Waya ukiwa umeachia, mrudie yule fundi na umwambie kwa maneno haya haya: nyaya za antena za kadi ya Wi-Fi zimeachia, naomba uzibane mbele yangu. Ukitaka kufanya mwenyewe inawezekana, ila uwe na subira. Shikilia Shift unapobofya Shut down ili Windows izime kabisa badala ya kulala nusu. Chomoa chaja. Legeza skrubu za mfuniko wa chini, unyanyue taratibu ukianzia pembeni kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu, na kitu cha kwanza ukichomoe plagi ya betri. Gusa chuma chochote kikubwa ili umeme tuli utoke mwilini. Halafu tazama kadi: kichwa cha kila waya kiwe kimekaa sawasawa juu ya kitako chake, waya wenye alama ya 1 palipoandikwa 1 au Main, wenye alama ya 2 kwenye Aux au 2. Kiweke wima juu ya kitako, kibonyeze kwa ncha ya kidole mpaka kitoe tik. Kisipotoa usitie nguvu, kinyanyue ukiweke upya. Kitako kikipinda, kadi nzima imekwisha. Waya wenyewe usiuvute hata kidogo.

Sasa RAM. Fundi wako hakusema uongo mtupu, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. RAM ndipo kompyuta inapoweka kazi iliyoko mkononi. Ikijaa, Windows inaanza kuhamishia nyingine kwenye diski, na diski hata iwe nzuri vipi haifiki kasi ya RAM. Kivinjari nacho, kikibanwa, hutupa kurasa ulizoziacha nyuma. Ukirudi kwenye kichupo cha zamani kinaupakua ukurasa upya. Unaona duara linazunguka, unalaumu mtandao. Ukiongeza RAM duara linapungua, unasema mtandao umepata kasi. Mawimbi yenyewe hayajaguswa. GB 16, 32, hata 64, hazitamfanya mtu wa juu asikie ruta iliyoko nyuma ya ukuta.

Je, unahitaji zaidi ya GB 8? Usiulize mtu, iulize kompyuta. Ukiwa katikati ya kazi yako ya kweli, Excel imefunguka, kurasa za vyumba na barua pepe zimefunguka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Ingia Performance, halafu Memory. Usipime asubuhi kabla hujafungua kitu, hapo kila kompyuta inaonekana ina afya. Matumizi yakikaa asilimia 60 au 70, RAM uliyonayo inatosha na fundi anataka kukuuzia. Yakishinda juu ya 85, kweli imebanwa. Hapo hapo tazama upande wa kushoto palipoandikwa Disk. Ikiwa inagonga 100 mara kwa mara na aina yake ni HDD, yaani diski ya kuzunguka, basi dada yangu, pesa yako ya kitu kimoja iende kwenye SSD, diski isiyozunguka, kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna RAM itakayokupa tofauti kubwa kama kuondoa diski ya kuzunguka kwenye mashine ya namna hiyo.

Jambo ambalo fundi hakukwambia: kwenye ukurasa ule ule wa Memory kuna mstari wa Slots used. Wako utasoma 2 of 2, kwa sababu 840 G3 ina nafasi mbili tu na zote zimejaa vipande vya GB 4. Kwenda 16 maana yake ni kuving'oa vyote viwili, pamoja na kile ulichokilipia juzi, na kununua viwili vya GB 8. Ungekuwa umeshauriwa vizuri tangu mwanzo ungenunua kimoja cha 8. Bado hujachelewa: ng'oa kimoja cha 4, weka cha 8, utapata 12. Wapo watakaokwambia saizi mbili tofauti hazikai pamoja. Zinakaa. Sehemu inayolingana inafanya kazi kwa njia mbili, iliyozidi kwa njia moja, na kwa kazi ya hesabu hutaiona tofauti hiyo maisha yako yote.

Ukienda dukani sema unataka DDR4 ya kompyuta mpakato, SO-DIMM, yenye pini 260. Mashine yako inakwenda kwa kasi ya 2133. Wakikupa ya 2400 au 2666 itaingia na itashuka yenyewe hadi 2133, kwa hiyo usiongeze pesa kwa ajili ya namba hiyo. DDR3L ya zile 840 za zamani, G1 na G2, ina pini 204 na pengo lake liko mahali pengine, haitaingia. Atakayeisukuma kwa nguvu mfukuze. Kabla hujatoka dukani waambie waiwashe, fungua Task Manager uone jumla imebadilika. Jioni, nyumbani, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, uiache ijipime kumbukumbu yake. RAM mbovu huzimisha kompyuta ghafla katikati ya kazi, na vipande vya mtumba vina historia ndefu. Na kama jumla haikuongezeka kabisa, angalia System type kwenye Settings: Windows ya biti 32 haivuki GB 4 hata uitie nini. Mashine za mtumba nimezikuta nazo zaidi ya unavyodhani.

Mume wako naye ana hoja, ingawa pengine si ile aliyoikusudia. Msaada wa Windows 10 ulifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel za kizazi cha 6 zilizomo kwenye 840 G3 hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Wewe unabeba hesabu na majina ya wageni wa watu. Masasisho ya usalama si anasa kwako. Mashine hii itumie, lakini usiimiminie pesa, maana RAM utakayoitia leo haitahamia kwenye kompyuta mpya ya DDR5. Na mtakapokwenda kununua hiyo mpya, ulizeni kama RAM yake inabadilishika. MacBook Air na ThinkPad X1 Carbon, kwa mfano, zimechomelewa RAM kwenye ubao, na utakachonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Tukishamaliza na kompyuta, ndiyo tuje kwenye nyumba, maana umesema hata simu haishiki vizuri sana. Hapo kuta zina kesi ya kujibu. Ukuta wa jiwe la matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi, hunyonya mawimbi kwa namna ambayo ukuta wa tofali la saruji haufikii, na ukinyonya unyevu wa masika huzidi. Kila upungufu wa dB 3 ni nusu ya nguvu imekwenda. Ukuta mmoja wa namna hiyo unaumiza. Ukiongeza wa pili, umeshindwa. Mawimbi ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini ndiyo ya kwanza kukwama, ya 2.4 GHz yanapenya vizuri zaidi, ila Mji Mkongwe kila nyumba imepakana na nyumba ya wageni na kila moja ina ruta yake kwenye 2.4 hiyo hiyo. Ingia kwenye ruta, uache kuchagua chaneli kwa bahati. Weka 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza, na upana wa 20 MHz.

Lakini kabla ya hayo, itoe nyuma ya televisheni! Bapa la chuma na vioo mbele ya antena, kisha ukuta, kisha dari, kisha ukuta tena. Nyumba zenu zina uwazi ambao nyumba za kisasa hazina: kiwanda cha katikati, yaani ua wa ndani, na ngazi. Mawimbi yatapita hapo kabla hayajapita kwenye jiwe. Ipandishe ruta juu, karibu na mlango unaotazama kiwanda, antena zake zisimame wima, na waya wa kutoka kwa watu wa mtandao uurefushe. Milango ya ndani ikiwa wazi, na chumba chako kikiwa na dirisha la upande huo, utaona mabadiliko kwenye ile namba niliyokwambia uandike. Ukiipandisha, shuka chini uangalie na mama mkwe bado anapata, usije ukamaliza tatizo lako ukaanzisha jingine.

Repita ya shemeji siikatai, ila watu wengi wanaiweka palipo na tatizo. Wanaitia chumbani kwenye kistari kimoja, nayo inarudia kistari kimoja. Repita husema kile inachosikia, basi iweke pahali inaposikia vizuri, kwako wewe ni katikati ya ngazi. Na zile za bei nafuu zenye redio moja zinasikiliza na kusema kwa zamu, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu. Kwa WhatsApp haina neno. Kwa kupakia mafaili ya hesabu utaudhika.

Kinachomaliza kazi kwenye nyumba ya mawe ni waya. Kebo ya mtandao, Cat5e au Cat6, kutoka kwenye ruta, ipande kwa upande wa kiwanda, iingie kwa dirishani hadi chumbani kwako. Mpaka mita 100 inafanya kazi bila kupungua. Chagua ya shaba halisi. Sokoni kuna nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba, utazijua kwa wepesi wake na ukikwangua ncha unaona weupe. Ukutani usitoboe ovyo: Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na majengo yake yanalindwa, tena chokaa ya zamani ikianza kubomoka haina kikomo. Mwisho wa kebo chomeka ruta yoyote ya zamani mliyoitupa kabatini. Kebo ichomekwe kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, si la WAN, la kupokelea intaneti. Zima DHCP yake, yaani kazi ya kuvigawia vifaa anwani, ipe anwani ambayo haigongani na ya chini, tuseme ya chini ikiwa 192.168.1.1 hii iwe 192.168.1.2, kwa sharti iwe nje ya zile ambazo ruta ya chini inazigawa. Ipe jina na nenosiri lile lile la Wi-Fi, chaneli tofauti. Ruta ya kabatini haina bei, utalipia kebo peke yake, na utashika mtandao uliokamilika chumbani.

Kuna kipimo kimoja nimekiacha, nacho ukifanye hiyo hiyo siku ya kushuka sebuleni: ukiwa karibu na ruta, pima kasi ya intaneti kwa simu. Ikiwa hata hapo inatambaa, tatizo ni la watu wa mtandao, na si ukuta, si RAM, si repita itakayolitibu, wapigie wao.

Mfuatano wako ni huu. Waya wa antena kwanza. Kisha ruta itoke nyuma ya televisheni. Halafu rudi mezani kwako, piga ile amri tena. Signal ikisoma 65 au zaidi, Wi-Fi yako iache ilivyo, pesa ikae kwa ajili ya kile kipande cha GB 8, na hicho pia ununue tu Task Manager ikikwambia kinahitajika. Ikibaki chini ya 50, nunua kebo. Shemeji mwambie asante, na kama rafiki yake hana haraka akuazime hiyo repita kwa siku mbili uijaribu pale ngazini kabla pesa haijatoka mkononi.